"Ikishauzwa Hairudishwi": Nani Kakupa Sharia Hiyo, Dada Yangu?



Leo nitasema na najua wengine watanuna. Wauzaji wenzangu watanuna zaidi, maana na mie ni muuzaji, na mengi nitakayoyasema nimeyafanya kwa mikono yangu. Lakini bora tununiane hapa duniani tukapatana, kuliko kudaiana siku ambayo hakuna shilingi wala riyali.

Alhamisi moja baada ya Alasiri aliingia bibi harusi kwenye fremu yangu, kafuatana na mama yake, mkononi mfuko mkubwa mweusi. Ndoa Jumapili. Mama mtu akaniambia, "Mwanangu, tazama hili, utuambie kama lina dawa." Nikalitoa shela, nikalitandika juu ya meza ya kukatia.

Lilikuwa shela la mtumba, lililovaliwa na mwenzake, likanunuliwa mtandaoni kwa ukurasa mmoja wa Dar es Salaam. Shilingi 380,000, na 10,000 ya kulipakia kwenye boti. Kwenye picha lilikuwa jeupe pe, limesimama kama maziwa. Mezani kwangu shingo ilikuwa na doa la vipodozi la rangi ya chai, kwapani njano ya jasho, bitana imechanika upande wa kiuno, na zipu imeshabadilishwa na fundi asiyekuwa na haraka ya kwenda peponi. Kilebo cha saizi kimekatwa. Binti ana kifua cha inchi 38, nikapima shela kwa futikamba: 34.

Mnajua muuzaji alimwambia nini? Kabla ya kulipwa alikuwa "kipenzi changu, shela kama jipya, limevaliwa saa tatu tu". Baada ya kulipwa akawa "dada, soma maelezo ya ukurasa, ikishauzwa hairudishwi". Alipobanwa sana akalegeza: lirudishe kwa gharama yako, nitakukata asilimia 40 ya usumbufu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Asilimia 40 ya 380,000 ni 152,000. Ongeza boti ya kuja 10,000 na boti ya kurudi 10,000. Binti wa watu angepoteza 172,000 na shela hana. Analipa ili adanganywe, halafu analipa tena ili aachiwe.

Hiyo ndiyo wenyewe wanayoiita ada ya kurudisha. Mie naiita jina lake: ni dhulma.

Nani kasema hairudishwi?

Maneno hayo tumeyakuta kwenye stakabadhi za madukani tangu tukiwa wadogo, yamepigwa chapa chini kabisa, tukayazoea mpaka tukadhani ni aya. Si aya. Ni maneno ya mfanyabiashara aliyejiandikia mwenyewe sharti linalomfaa mwenyewe.

Dini yetu ina mlango mzima wa fiqhi unaoitwa khiyari. Neno letu hiari lina asili hiyo hiyo. Maana yake ni haki ya kuendelea na biashara au kuivunja. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, ametufundisha katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari muda wote ambao hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha, biashara yao inabarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka inafutwa. Angalia vizuri, baraka imefungwa kwenye kubainisha. Haikufungwa kwenye wingi wa wafuasi wa ukurasa wako.

Kuna khiyari ya sharti: mnaweza kukubaliana kwamba mnunuzi apewe muda wa kutazama, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mwisho wake ni siku tatu. Na kuna khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo tangu kwa muuzaji, kasoro inayopunguza thamani ya kitu, na hakuambiwa, ana haki ya kukirudisha na kuchukua pesa yake. Pesa yake yote, si asilimia 60.

Na yule aliyeijua aibu akaificha, sharti lake la "hairudishwi" halimwokoi. Mnakumbuka kisa cha lundo la nafaka sokoni? Mtume alitia mkono ndani akakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuliweka lile lililorowa juu watu walione, kisha ikatoka ile kauli nzito kuhusu mwenye kughushi kwamba si katika sisi. Hadithi iko kwa Muslim, na kila mmoja wetu kaisikia msikitini au darasani.

Sasa niambie, shela lililopigwa picha mbele tu, kwa taa kali, shingo imefunikwa veli, tofauti yake na lundo lile ni ipi? Doa la shingo ndio nafaka iliyorowa. Picha ndio ile kavu ya juu.

Na ile anayebadili mawazo?

Hapa nitakuwa mwadilifu, maana si kila kurudisha ni kosa la muuzaji. Kuna bibi harusi ananunua shela zima, lenye sifa zote alizoelezwa, halafu wifi yake anamwambia "hili halikufai", naye anataka kurudisha. Huyu hana khiyari ya aibu. Muuzaji halazimiki kulipokea.

Lakini hata hapo dini imefungua dirisha, nalo linaitwa iqala: muuzaji kumwonea huruma mnunuzi aliyejuta na kukubali biashara ivunjike. Imepokewa kwa Abu Daud na Ibn Majah kwamba mwenye kumfanyia hivyo Muislamu mwenziwe, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Nani kati yetu hana kuteleza? Na wanazuoni wa Kishafii wanaihesabu iqala kuwa ni kuivunja biashara, kwa hiyo bei inarudi kama ilivyotolewa. Nauli ya boti ni jambo jingine. Huyo aliyebadili mawazo alipe yeye usafiri wa kwenda na kurudi, hilo ni haki kabisa, kwa sababu ni gharama ya kweli na imeingia kwa ajili yake.

Kuna watakaosema, "Basi ile si ada, ni kianzio, na kianzio hakirudi." Biashara ya kianzio kisichorudi, ile inayoitwa arubuni, wanazuoni wamehitilafiana. Wengi, akiwemo Imamu Shafii, wameizuia, na Imamu Ahmad ameiruhusu. Ukitaka kufanya hivyo kamuulize sheikh wako kwanza, usiniulize mie fundi cherehani. Ila jua kwamba mazungumzo yale ya wanazuoni ni juu ya mnunuzi aliyejitoa mwenyewe. Hakuna aliyekuruhusu kumkata mtu uliyemtilia ghushi.

Wenzetu wa nje wamefikaje

Huwa tunapenda kusema Ulaya hawana dini. Basi tazameni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mtu akinunua kitu mtandaoni kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na anarudishiwa bei pamoja na ile nauli ya kawaida ya kuletewa. Nauli ya kurudisha kwa kawaida ni juu yake. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake haimo humo, na ni haki, maana nitampa nani mwengine gauni la inchi zako? Uingereza, sheria yao ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukikataa kitu kibovu na kurudishiwa pesa yote, na gharama ya kukirudisha ni ya mfanyabiashara. Kitu cha mtumba nacho kimo, ila kinapimwa kama mtumba. Huwezi kudai kikombe cha zamani kiwe hakina mkwaruzo.

Yaani watu tunaowaita hawana dini wametofautisha mambo mawili: kosa la muuzaji, muuzaji anabeba, mawazo ya mnunuzi, mnunuzi anabeba nauli. Sisi wenye mlango mzima wa khiyari tunamtwika mnunuzi yote mawili.

Na hapa kwetu hatuko porini. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya Tanzania Bara inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Bara kuna Tume ya Ushindani, na Zanzibar tuna tume yetu ya ushindani halali wa biashara, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zao. Nenda kalalamike, ni haki yako. Ila nitakwambia ukweli: hakuna ofisi itakayokuletea shela kabla ya Jumapili. Ndiyo maana nasema haya kwa wauzaji kwanza. Dawa iko kwenye nafsi zetu kabla haijafika kwenye meza ya ofisi.

Wauzaji nanyi mna kilio chenu

Nakijua. Kuna wanawake wananunua Jumanne, wanavaa Jumamosi ukumbini, Jumatatu wanarudisha, "halinitoshi". Mie nilirudishiwa gauni linanuka udi, mkononi lina alama ya hina, na ndani ya mfuko wa pembeni pipi ya harusi. Pipi, jamani! Mwenyewe anaapa hakulivaa.

Dada yangu unayefanya hivyo, huo si ujanja. Umevaa mali ya mtu bila kukodi. Kukodi kuna bei yake, na ungesema ungekodishiwa. Unakwenda kumpongeza bibi harusi na nguo ya haramu mwilini, halafu unaomba dua pale pale.

Basi baada ya ile pipi nami niliandika kwenye ukurasa wangu, kwa herufi kubwa: IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikajiona nimejikinga. Kumbe nilijifungulia mlango mbaya zaidi, maana ukishajua kwamba hakuna kitakachorudi, mkono unakuwa mwepesi.

Niliwahi kupokea gauni la mtumba lenye doa kifuani, doa dogo la kama sharubati, lisilotoka. Nikashona ua la lesi juu yake. Zuri kweli lile ua, kazi ya cherehani niliyosomea. Nikaliuza kwa bei ya gauni lisilo na doa. Mnunuzi akanisifu kwa ua. Mie nikasema ahsante.

Ningelikuwa nimemwambia "hapa pana doa, nimelifunika kwa ua", ingekuwa ufundi. Sikumwambia, ikawa ghushi. Mkono ni ule ule, sindano ile ile na uzi ule ule. Tofauti ni sentensi moja ambayo ulimi ulikuwa mzito kuitoa.

Ilinichukua muda kumpigia simu. Nilipompigia nilimwambia yote, nikamwambia achague, arudishe gauni achukue pesa yake yote, au alibakishe nimpe tofauti ya bei. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Dada, doa nililiona siku ile ile nilipolifua, ua lilipoinuka. Niliona haya kukwambia, kwa sababu uliandika hairudishwi."

Wallahi maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Alijua. Alikaa na dhulma yangu kimya kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika mie. Ni wangapi wengine walionyamaza hivyo, nisiowajua mpaka leo? Jioni ile nikayafuta.

Tuandike hivi

Sasa ukurasani kwangu pameandikwa masharti mengine, na nayatoa bure kwa anayetaka kuyachukua.

Kasoro ambayo sikuitaja: lirudishe ndani ya siku tatu tangu kulipokea, nauli zote mbili ni juu yangu, pesa yako inarudi nzima. Umebadili mawazo na nguo haijavaliwa: nauli juu yako, pesa ya nguo inarudi nzima. Nguo imevaliwa, imefuliwa au imekatwa: hairudi, na hapo sioni haya kusema hairudi. Kila nguo naifunga kikaratasi kwa uzi mahali panapoonekana. Uzi ukikatwa, imevaliwa. Tangu nianze hivyo sijarudishiwa pipi tena.

Na wewe usiye na duka, bibi harusi wa mwaka jana unayeuza shela lako mwenyewe ili lipungue kabatini, usiseme "mie si mfanyabiashara". Umeuza, basi wewe ni muuzaji, na kubainisha kunakuhusu. Lipige picha ndani na nje, mchana, karibu na dirisha. Sema doa liko wapi. Sema zipu imebadilishwa. Utashangaa, watu watanunua hivyo hivyo, kwa bei ya haki, na usiku utalala.

Bibi harusi, jikinge kabla ya kulipa

Usinunue saizi, nunua inchi. Saizi 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na ni 40 kwa nchi nyingi za Ulaya, na nguo nyingi za Uchina lebo yake ni kubwa kuliko nguo. Muombe muuzaji aweke futikamba juu ya kifua, kiuno na urefu, akupigie picha. Akikataa kupima, hana nia.

Taka video ya mchana, shela limegeuzwa ndani nje, ionyeshe shingo, kwapa, zipu na upindo wa chini. Upindo ndio unaosema limeburuzwa kumbi ngapi.

Ukiwa na dada, shangazi au rafiki Dar, mtume akalitazame ndipo alipe. Nauli ya daladala yake ni rahisi kuliko machozi. Ukilipa kwa simu, jina linalotokea lifanane na la unayezungumza naye, kwa sababu pesa ikishatumwa na kutolewa, kuirudisha ni mtihani.

Mfungue mzigo mbele ya kamera, tangu kamba ya kwanza. Ukiona kasoro sema siku hiyo hiyo, usilivae wala usilifue. Ukikaa nalo wiki mbili ukalipeleka kwa fundi likapunguzwa, umelikubali.

Na andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inatuamrisha kuandika tunapokopeshana kwa muda. Mola ametufundisha kalamu kwenye mambo ya mali, nawe unaona haya kumwandikia muuzaji, "likiwa na kasoro hukunitajia, nitalirudisha kwa gharama yako, unakubali?" Asubiri ajibu "nakubali" ndipo utume pesa. Ujumbe mmoja tu, na uuhifadhi.

Kulikuwa na sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa kila anapofanya biashara. Mtume hakumcheka kwa ujinga. Alimfundisha aseme kwamba hakuna hadaa. Basi nawe bibi harusi, mwanzo wa mazungumzo, kabla ya bei, sema kwa upole: dada, baina yetu hakuna hadaa. Mwenye kheri atafurahi. Mwenye lake atachelewa kujibu, na wewe utakuwa umeshajua.

Lile shela

Mtataka kujua lilikwendaje. Nilifumua mishono ya ubavuni, nikatia vipande vya satini kila upande, nikabadilisha zipu nikaweka kamba za kufunga mgongoni, shingo nikaiondoa yote nikaweka lesi mpya. Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa sikulala vizuri. Jumapili usiku, kwenye harusi ya kike, binti alipendeza mashaallah, na hakuna aliyejua.

Ila mama yake alijua. Aliponilipa alizihesabu zile noti taratibu, moja moja, nikaelewa kwamba hizi hazikuwa za shela, zilitolewa kwenye jambo jingine. Nilimpunguzia nilichoweza. Lakini kwa nini alipe yeye? Kwa nini nipunguze mie? Aliyeuza yuko kwake, na ukurasa wake bado unasema limevaliwa saa tatu tu.

Dada muuzaji, kama unasoma hapa, sikutaji, na wala sitaki utajwe. Nakuomba kitu kimoja. Leo ingia kwenye ukurasa wako, tazama yale maneno mawili, halafu jiulize: yananikinga na mteja mwongo, au yananikinga na kusema kweli? Ukilipata jibu, utajua la kufuta.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atusamehe tuliyoyaficha chini ya lesi, na azibariki ndoa za mabinti zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.